Burton na Mji wa Unguja: Tumsomeje Mgeni Aliyetuandika?

Mwezi wa Desemba mwaka 1856 manowari Elphinstone, ya Kampuni ya Kiingereza ya India ya Mashariki, ilitia nanga mbele ya mji wa Unguja. Ndani yake walikuwamo maofisa wawili wa jeshi, Richard Burton na John Speke, waliokuja kuyatafuta maziwa ya bara. Waliukuta mji katika msiba. Sayyid Said bin Sultan alikuwa amefariki baharini mwezi wa Oktoba akirejea kutoka Muscat, na mwanawe Majid ndiye aliyeshika utawala. Burton alibaki huku hadi Juni 1857, ila sehemu ya muda huo aliitumia nje ya mji: Mombasa, Tanga, Pangani, mpaka Vuga kwa Kimweri. Aliyoyaona na aliyoyasikia aliyakusanya katika kitabu cha majalada mawili kuhusu mji, kisiwa na mwambao wa Zanzibar, kilichotoka London mwaka 1872 baada ya mswada wake kupotea kwa miaka kadhaa na hatimaye kupatikana Bombay.

Ndugu msomaji atauliza: kitabu cha Mzungu wa zama zile kinatuhusu nini sisi tulioko huku Njombe na Makambako, mbali na bahari? Kinatuhusu sana. Kila panapozungumzwa habari za mji wa Unguja wa kale, darasani, katika filamu au barazani, nusu ya maneno yanayosemwa yametoka kwa Burton na wasafiri wenzake, na anayeyasema mara nyingi hajui kuwa anamnukuu mtu. Mji ulikuwa mchafu. Watu wake walikuwa wavivu. Kazi yao ilikuwa kuuza wanadamu. Kijana wetu huyapokea maneno haya kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayemeza vidonge vitatu bila kuuliza kila kimoja ni cha nini.

Na sisi tunaomjibu kijana huyo tumegawanyika. Wako wanaokubali kila kilichochapwa na Mzungu kwa kuwa kimechapwa. Wako, na hawa ni wengi zaidi katika safu zetu, wanaokataa kila kitu kwa hoja moja tu: huyo ni kafiri na adui, basi kalamu yake ni ya uadui. Njia zote mbili ni nyepesi, na zote mbili zinamwepusha mtu na taabu ya kusoma. Aya ya sita ya Sura Al-Hujuraat haikutuambia tuitupe habari iliyoletwa na fasiki. Imetutaka tuichunguze. Kuna tofauti kubwa kati ya mambo hayo mawili, na elimu nzima ya wapokezi wa hadithi imesimama juu ya tofauti hiyo.

Wanavyuoni wa hadithi humtazama mpokezi kwa mambo mawili: uadilifu wake na dhabti yake, yaani usahihi wa kuhifadhi kile alichokipokea. Kisha huuliza: je, aliona mwenyewe, au alisimuliwa? Kama alisimuliwa, na nani? Habari za msafiri si hadithi ya Mtume (S.A.W.), wala hatuzijengei hukumu ya dini. Lakini chombo kizuri hakikatazwi kutumika nje ya duka lake. Basi tumpime Burton kwa mizani hiyo.

Ama kuhusu dhabti, mtu huyu alikuwa hodari wa kupindukia. Alijua Kiarabu vizuri na lugha nyingi za Bara Hindi. Aliandika bei, mizani, vipimo, majina ya pepo, mimea, homa na dawa zake, na mambo mengi kati ya hayo yamehakikishwa na kumbukumbu nyingine za wakati ule. Ama kuhusu uadilifu, hapo pana maneno. Mwaka 1853, miaka mitatu kabla ya kufika Unguja, aliingia Makka na Madina akijifanya Mwislamu, akarudi kwao kuuza kitabu juu ya safari hiyo. Istilahi ya tadlisi, ya mpokezi anayefunika kasoro ya habari yake, inamhusu kwa namna yake: huyu alifunika hata nafsi yake mbele ya Al-Kaaba. Tena mwaka 1863 alishiriki kuanzisha Jumuiya ya Anthropolojia ya London, ambayo viongozi wake walihubiri waziwazi kwamba mtu mweusi ni duni kwa maumbile. Mpokezi wa namna hii huachwa asimame mlangoni huku mizigo yake ikifunguliwa mmoja mmoja.

Tuufungue basi.

Mzigo wa kwanza ni yale aliyoyaona kwa macho yake, na huu ni utajiri. Burton alifika mwanzoni mwa kaskazi, pepo zinazovuma kuanzia Desemba kuja kwetu kutoka Uarabuni na Bara Hindi, na ambazo kwa karne nyingi ndizo zilizokuwa ratiba ya bandari zote za mwambao. Majahazi huja na kaskazi na kurudi na kusi. Alikisia wakazi wa mji kuwa wapatao 25,000, na akaeleza kwamba idadi hiyo hupanda sana wageni wa msimu wanaposhuka. Ukimfuata anavyozitaja taifa za watu waliokutana pale, utachoka kuhesabu: Waswahili, Waomani, Wahadhrami, Wangazija, watu wa Bukini, Waajemi, askari wa Kibaluchi, Mabaniani, Makhoja, Mabohora, na kundi dogo la Wazungu na Wamarekani waliokuwa na mabalozi wao. Marekani ilitiliana mkataba na Sayyid Said mwaka 1833, Uingereza ikafuata mwaka 1839, Ufaransa mwaka 1844. Forodha yote ya Sultani ilikuwa imekodishwa kwa nyumba ya Mhindi, Jairam Shivji, na aliyeisimamia wakati wa Burton, Ladha Damji, ndiye aliyeshughulikia pia mizigo ya msafara wake wa bara.

Biashara nayo aliieleza kwa makini. Karafuu, pembe za ndovu, sandarusi, ngozi, kauri. Kauri hizi za pwani yetu zilipakiwa na nyumba za biashara za Hamburg zikapelekwa Afrika Magharibi, ambako zilikuwa fedha. Kwa upande wa kuingia, bidhaa kubwa ilikuwa ile nguo ya pamba isiyopaushwa ambayo bibi zetu waliendelea kuiita merikani muda mrefu baada ya Wamarekani wenyewe kuondoka. Ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa na meli za Salem. Bila ya nguo hiyo, shanga na waya, msafara haukupita Ugogo wala Unyamwezi. Haya yote Burton ni shahidi wake mwema, na mwalimu wa historia anayemkataa kwa jumla amejinyima mwenyewe.

Sasa tuje kwenye uvundo, maana hili ndilo linalowauma vijana. Mwanafunzi mmoja wa madrasa hapa Ramadhani aliniuliza: "Ustadhi, ni kweli mji wa Waislamu ulinuka, na sisi tunafundishwa kuwa usafi ni katika imani?" Ni swali zuri, na jibu lake ni: ndiyo, ulinuka. Burton alifikia nyumba ya balozi wa Kiingereza, Luteni Kanali Hamerton, pale ufukweni Shangani, na ufuko ule ndio uliokuwa jaa na choo cha watu wengi. Anaeleza taka, mizoga, na hata maiti za watumwa zilizotupwa ufukweni. Hakuwa peke yake. Livingstone, aliyefika mwaka 1866, aliubadili jina mji huo kwa mzaha juu ya harufu yake. Daktari James Christie, aliyetibu watu mjini humo, aliandika kitabu kizima mwaka 1876 kuhusu kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 kilichoua maelfu ya watu. Habari ikija kwa njia nyingi namna hii haiwezi kupingwa kwa hasira.

Lakini msomaji makini ataongeza mambo ambayo Burton hakuyaongeza. Kwanza, alikotoka yeye palikuwaje? Mwaka 1854 kipindupindu kiliua mamia ya watu katika mtaa mmoja wa Soho, London, wakinywa maji ya pampu moja, na ni hapo daktari John Snow alipoonyesha kwamba ugonjwa ule hupita katika maji. Katika kiangazi cha mwaka 1858, wakati Burton yuko huku bara, mto Thames ulinuka hata mapazia ya Bunge la Uingereza yakalowekwa dawa ya chokaa ili wabunge waweze kukaa. Uchafu wa Unguja ulikuwa uchafu wa miji mikubwa ya zama zile, iliyojaa watu kuliko uwezo wa visima na mitaro yake.

Pili, kukunja pua si tabia ya Wazungu peke yao. Ibn Battuta, Mwislamu, faqihi wa Kimaliki kutoka Tangier, alipopita Zayla karibu mwaka 1331 aliueleza mji huo kuwa mchafu na wenye uvundo kupita miji mingine, kwa sababu ya samaki na damu ya ngamia waliochinjwa njiani, akaona bora alale chomboni baharini kuliko mjini. Hakuna aliyesema Ibn Battuta alikuwa adui wa Uislamu. Lakini yeye huyo huyo alipofika Kilwa aliusifu mji kwa uzuri wa majengo yake, na akamtaja sultani wake, Abul-Mawahib, kwa ukarimu na unyenyekevu. Pua yake ilifanya kazi, na jicho lake pia lilifanya kazi. Burton mara nyingi akishanusa huona amemaliza.

Tatu, mji ule haukubaki hivyo. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alivuta maji safi kwa mabomba kutoka chemchemi za kaskazini ya mji, na wakazi wakayapata bila malipo. Jibu la aibu ya uchafu lilikuwa bomba, halikuwa makala ya kujitetea. Nasema hivi nikijua kwamba hata kwetu ipo misikiti ambayo choo chake cha kutawadhia humfanya mgeni aharakishe udhu wake.

Mzigo wa pili ni mzito kuliko wote, nao ni utumwa. Burton aliliona soko la watumwa, akalieleza, na hatuna pa kukimbilia. Katika miaka ile maelfu kwa maelfu ya watu walipitishwa Unguja kila mwaka, wengi wao kutoka pande za Ziwa Nyasa kupitia Kilwa Kivinje: Wayao, Wangindo, Wanyasa na wengineo. Yaani ni majirani zetu wa nyanda hizi za kusini, na si ajabu kwamba baadhi yao walikuwa wa damu yetu. Hapa ndipo hali yetu sisi Waislamu wa bara inapotofautiana na ya ndugu zetu wa mwambao. Dini tuliyonayo ilitufikia kwa njia zilezile za misafara ambazo watu wetu walipelekwa nazo wakiwa na minyororo shingoni. Anayemfundisha kijana wa Njombe nusu moja ya habari hiyo, iwe nusu yoyote, hakumfundisha.

Nimewasikia wahubiri wetu wakisema kwamba utumwa wa Unguja ni uongo wa makanisa. Hoja yao inashika mahali pamoja tu: kwamba wakoloni na wamishionari walikuza habari hizo kwa faida yao, na kwamba aliyeshutumu hakuwa msafi. Hili la pili ni kweli tupu. Ile merikani iliyonunulia pembe ilifumwa kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa majimbo ya kusini ya Marekani, hadi vita vya mwaka 1861 hadi 1865 vilipowafungua. Pembe zilizobebwa mabegani mwa watumwa ziligeuzwa vibonye vya piano katika sebule za watu waliolia wakisoma habari za watumwa hao. Mikono iliyoziba pua ndiyo iliyonunua. Hata hivyo, dhambi ya mnunuzi haimfuti muuzaji. Mashamba ya karafuu yalikuwa ya Waislamu, na soko lilikuwa katika mji wa Kiislamu wenye makadhi. Uislamu umefanya kumwacha mtumwa huru kuwa ibada na kafara, na umeharamisha kumkamata mtu huru na kumuuza. Waliowateka wanavijiji waliokuwa huru na kuwauza waliivunja sharia waliyoisoma. Soko lilifungwa Juni 1873 kwa mkataba ambao Barghash aliutia saini chini ya tishio la manowari za Uingereza. Amri ya kufuta hali ya utumwa Unguja na Pemba ilitoka mwaka 1897, na kwa Tanganyika ilikuja mwaka 1922. Ingekuwa heshima kubwa kwetu kama tarehe hizo zingekuwa zimewekwa na wanavyuoni wetu kabla ya mabalozi. Aya ya 135 ya Sura An-Nisaa inatuamuru tusimame na uadilifu japo ni dhidi ya nafsi zetu, na sijui mahali ambapo amri hiyo inahitajika zaidi kuliko hapa.

Mzigo wa tatu ni rai zake juu ya watu, na huu ndio wa kurudishwa. Burton anawaita Waswahili wavivu, waongo, wasioaminika. Kwa Waarabu ni mpole zaidi, wengine huwasifu. Sasa tazama jambo hili: aliowahukumu kwa ukali zaidi ndio ambao lugha yao aliijua kidogo zaidi. Kiarabu alikijua miaka mingi kabla. Kiswahili alianza kukisoma alipofika. Habari za nyumba ya kifalme nyingi alizipata kwa Hamerton, aliyekuwa balozi tangu mwaka 1841, mgonjwa kwa wakati ule, aliyefariki Julai 1857. Habari za biashara alizipata kwa Wahindi na Waarabu wenye fedha. Mvuvi wa Malindi au mama mwenye kuuza maandazi hakuwa katika wapokezi wake. Alimwona mpagazi akiwa amelala kivulini adhuhuri, akaandika uvivu. Hakuandika alfajiri mpagazi huyo alikuwa wapi.

Mfano ni rahisi kuuelewa huku kwetu. Msafiri akishuka Makambako usiku wa Julai, akapigwa na upepo wa pale, akanunua viazi kutoka kwa kijana aliyejifunga blanketi kichwani, kisha akapanda basi la Songea au kuendelea Mbeya, anaweza kuandika kurasa nzuri za kweli kuhusu baridi, bei ya viazi na vurugu ya kituo. Akiongeza kwamba watu wa Makambako ni wakimya na wenye kujificha, tutamcheka. Ametuona tukiwa na baridi.

Kuna pia yale ambayo hayakuingia katika macho ya Burton hata kidogo, au yaliingia kwa uchache. Wakati yuko Shangani, kadhi wa Kishafi mjini humo alikuwa Sheikh Muhyiddin al-Qahtani, mzaliwa wa Barawa, mwanachuoni mwenye wanafunzi mwambao mzima, aliyefariki mwaka 1869. Sheikh Abdul-Aziz al-Amawi, naye wa Barawa, alikuwa kijana wa miaka chini ya ishirini, na baadaye akawa miongoni mwa makadhi wakubwa wa Unguja. Ibadhi na Shafi walikaa mji mmoja na kila madhehebu ikapata kadhi wake, jambo ambalo sisi leo tunaogombana juu ya kuinua mikono katika sala tungepaswa kulisoma mara mbili. Nafasi ya watu hawa katika majalada yale ni ndogo mno ukilinganisha na nafasi ya homa na mabaharia. Kosa hili si la Burton peke yake. Tuliojua habari zao hatukuziandika kwa wingi, mpaka Sheikh Abdallah Saleh Farsy alipokusanya wasifu wa wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki katika karne ya ishirini.

Na mtu wa ndani pia hapokewi bila kupimwa. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, aliondoka Unguja, akabatizwa Aden kwa jina la Emily Ruete, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Tunahuzunika kwa alivyoiacha dini, lakini ushahidi wake juu ya nyumba za kifalme hauna mfano, na aliwalaumu wazi wasafiri wa Kizungu wanaopita siku chache Mashariki kisha wakaandika kama wenyeji. Kumbe yeye huyo, alipofika kwenye utumwa, aliutetea. Aliyelelewa na watumwa hakuweza kuuona kwa jicho la mtumwa. Basi wa nje ana upofu wake, na wa ndani ana wake.

Jambo ambalo vijana wetu wachache wanalijua ni kwamba safari haikuwa ya upande mmoja. Mwaka 1875 Sayyid Barghash alikwenda Uingereza, na habari za safari hiyo zikaandikwa kwa Kiarabu na mwandishi wake, Zahir bin Said, katika kitabu kiitwacho Tanzih al-Absar wal-Afkar fi Rihlat Sultan Zanjibar. Baada yake Amur bin Nasur aliieleza Berlin kwa Kiswahili, na Selim bin Abakari, Mngazija, akaeleza safari yake ya Urusi na Siberia. Maelezo yake yalichapwa Ujerumani mwaka 1901. Hawa walitazama miji ya Ulaya kama Burton alivyotazama mji wao. Madrasa zetu zinasomesha nahau kwa mifano ya Zaid kumpiga Amru mwaka baada ya mwaka. Kitabu cha Zahir kingeweza kusomwa katika daraja za juu, kikafundisha lugha na historia kwa pamoja.

Katika darasa langu nimewapa wanafunzi wakubwa daftari lenye safu tatu: aliyoyaona, aliyosimuliwa, aliyoyadhani. Tulianza na kurasa chache za Burton ambazo niliwafasiria. Sasa wanakwenda kwa wazee wa Njombe na Makambako waliokuwapo reli ya TAZARA ilipojengwa, kati ya mwaka 1970 na 1975, na wanaokumbuka misikiti ya kwanza ya pande hizi ilisimamishwa na nani na kwa mabati ya nani. Mzee mmoja alipoulizwa kama aliona mwenyewe au alisikia, alikasirika kidogo, akanyamaza, kisha akasema sehemu ya mwanzo aliisikia kwa kaka yake. Mwanafunzi akaifuta safu ya kwanza, akaiandika katika ya pili.